Damu ya mkojo usiionee haya

Dada zetu, na hasa nyinyi mabiharusi mnaofunga mizigo kuwafuata waume bara.

Sisi tuliotoka Unguja tukaolewa Singida tulimzika mwenzetu kwa saratani ya figo. Alikojoa damu msimu wa mavuno ya alizeti, bila maumivu. Akadhani ni hedhi, kisha akadhani ni yutiai. Alikunywa dawa, damu ikakatika. Iliporudi miezi kadhaa baadaye, akapelekwa Dodoma, na vipimo vikaonesha saratani imeshafika mapafuni. Allah amrehemu.

Tumewauliza madaktari: ni nani anayepona? Wanasema jambo kubwa kuliko yote ni saratani imefika wapi siku inapogunduliwa. Kwa takwimu za Marekani, ikiwa ingali ndani ya figo, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mapafuni au mifupani, hawafiki 2 kati ya 10. Kisha huangaliwa aina ya seli na ukali wake, na nguvu za mgonjwa mwenyewe. Ikiwahiwa, hukatwa uvimbe au figo nzima, na mtu huishi vizuri kwa figo moja iliyo salama.

Shida ni kuwa maradhi haya hunyamaza. Damu huja ikapotea, na kupotea kwake si kupona. Kichocho nacho huleta damu, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni hicho. Omba upimwe mkojo, na damu ikirudi baada ya dawa, omba ultrasaundi ya tumbo. Mwenye presha, mwili mzito au anayevuta sigara asichelewe kabisa.

Haya ni katika imani, lakini haya haikuzuii kutibiwa. Asipopatikana daktari mwanamke, dharura inamruhusu mwanamme kukutibu kwa kiasi cha haja. Na kutawakali si kukaa kitako: Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa.

Kutoka Singida hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 200, na nauli haisubiri alizeti iuzwe. Basi biharusi, mnapohesabu khanga na udi wa sanduku, muulizeni bwana na bima ya afya. Na siku ukiona damu, mwambie siku hiyo hiyo.

Allah atujaalie afya na mwisho mwema. Amin.