Barua Zilizopotea Mara Mbili

Mtanisamehe nikieleza kosa langu mwenyewe katika gazeti letu la shule. Sisi walimu huwaonya wanafunzi kila siku juu ya uzembe, na haifai tuufiche wa kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Mwamgongo. Nilipokuwa chuoni, kaka yangu mkubwa aliniandikia barua pepe kila alipofika Kigoma mjini kuuza dagaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alieleza bei ya dagaa, siku za giza zilivyokwenda, mtoto gani ameanza kutembea, na mara moja alinionya nisioe kwa haraka. Sikumsikiliza, lakini hayo ni mengine.

Barua pepe hufikia kwanza katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ambayo huitunza kama sanduku la posta mpaka mwenyewe aje. Programu yangu ilitumia utaratibu wa zamani uitwao POP. Huo huzichukua barua, huziweka katika kompyuta yako na, usipoukataza, huzifuta kule zilikotoka. Mimi sikuukataza. Tena barua zote zilikaa ndani ya faili moja, zimefuatana kama kurasa za daftari.

Basi siku moja mwaka 2011 nilipanda boti Kibirizi kurudi nyumbani. Tulipopita Gombe mawimbi yakaanza, na wakati wa kushuka mfuko wangu ukalowa. Kompyuta haikuwaka tena. Fundi mmoja aliweza kuitoa ile faili, lakini ilikuwa imeharibika: barua za mwanzo zilisomeka, zilizofuata zilikuwa alama tupu.

Mwaka 2013 kaka akafariki dunia. Hapo ndipo nilipoona thamani ya zile chache zilizosalia. Nikahamia utaratibu wa IMAP, ambao huziacha barua katika seva na kuweka nakala katika kompyuta, nikazipandisha huko barua za kaka. Nikalala usingizi mzuri.

Mwaka uliofuata kompyuta ilijaa. Nikafuta barua za zamani, nikijua kwamba seva inazo. Lo! IMAP ni kioo: unalofanya mbele yake, nacho hulifanya. Nilipofika mjini penye mtandao, kompyuta iliipasha seva habari, na seva ikafuta kwa utii kamili. Nilipokuja kugundua, hata kapu la takataka lilikuwa limekwisha kusafishwa.

Niliona haya zaidi kwa sababu jirani zetu wa Gombe wangenifundisha. Kumbukumbu za sokwe zilizoanza mwaka 1960, nyingi zikiandikwa kwa Kiswahili na watu wa vijiji vyetu, zilipelekwa Marekani, zikatunzwa Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke, na kuingizwa katika kompyuta. Nakala ya namna hiyo haifuti kitu kwa sababu tu mtu amefuta kwingine.

Siku hizi kila barua yangu ina faili yake, kwa mtindo uitwao Maildir, hivyo ikiharibika moja nyingine hupona. Kila mwisho wa mwezi programu ya rsync hunakili zile mpya tu katika diski ya nje, nami siipi amri ya kufuta. Kifurushi cha intaneti hakiguswi. Diski hukaa mjini kwa shangazi, ndani ya kopo la biskuti, mbali na ziwa.

Na barua za kaka? Shemeji yangu alikuta neno la siri limeandikwa nyuma ya daftari la hesabu za dagaa. Kikasha cha marehemu kilikuwa hakijafungwa, na upande wa barua zilizotumwa tulizikuta 31, pamoja na zile zilizoharibiwa na maji. Ile ya kunionya nisioe haraka ilikuwamo. Mke wangu ndiye aliyeisoma kwanza, kwa sauti, mbele ya watoto.