Taa Iliyonyamaza

Mwaka 1986 Land Rover ya baba haikulala penginepo ila juu ya kilima cha kanisa, Marangu, pua ikitazama bondeni. Wapita njia walidhani ni madaha. Sisi watoto tulijua. Alfajiri nyingi stata ilitoa mlio wa "tk, tk", kisha kimya, na baba akaachia breki, gari likashuka lenyewe kuelekea mtoni, kisha akaingiza gia ya pili na kuachia klachi. Siku nyingine liliwaka karibu kabisa na daraja.

Ilikuwa Series III, chesisi ndefu, injini ya petroli. Ilibeba ndizi na akina mama hadi Kiboriloni na Moshi mjini.

Kilichotuchosha ni kwamba ugonjwa wake ulikuwa na siku zake. Tukishuka Moshi, kesho yake stata inapiga kwa nguvu. Tukishinda kijijini kusomba mbolea na mawe ya msingi, kesho betri imekufa. Bibi akasema gari lile linapenda mjini kama wajukuu wake. Tulicheka, kumbe alikuwa karibu na ukweli kuliko mafundi wetu.

Fundi wa kwanza alilaumu betri. Baba akauza mabeberu wawili, akanunua nyingine iliyopitia Holili kutoka Kenya. Mpaka uliofungwa 1977 ulikuwa umefunguliwa tena 1983, na vipuri vilipita pale kuliko mahali pengine popote tulipopajua. Betri ile mpya nayo haikumaliza mwezi. Fundi wa pili alichomoa temino injini ikiwa inanguruma, aone kama itazimika. Kipimo hicho ni cha enzi za daynamo. Kwenye alteneta ni kamari, maana volti huruka ghafla na kuua diodi zake. Yetu ilinusurika. Akakaza mkanda wa feni, akapokea pesa yake, akaondoka.

Usiku mmoja wa Julai tulikuwa tukipanda kutoka Himo kwenye ukungu, mwendo wa kinyonga, wipa zikifanya kazi. Taa za mbele zikafifia hadi zikawa rangi ya papai bivu, injini ikaanza kukohoa, na mimi nikatumwa kutembea mbele na tochi. Nilikuwa na miaka 13. Sijawahi kuichukia mashine kama nilivyoichukia ile.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Majengo, aliyefanyia kazi chini ya mwembe. Hakugusa spana. Alimuuliza baba:

"Mangi, taa nyekundu ya chaji huwaka lini?"

"Haijawaka hata siku moja, Mzee. Mwaka mzima huu," baba akajibu, kwa fahari kidogo.

"Basi ugonjwa uko hapo."

Akatueleza akiwa amechuchumaa. Alteneta kama ile, ikiwa imelala, lazima iamshwe: umeme kidogo wa betri hupita kwenye balbu ya taa ya chaji, ukafika kwenye rota na kuifanya sumaku. Balbu ikiungua, njia imekatika. Hata hivyo rota hubaki na usumaku hafifu, na ikizungushwa kwa kasi kubwa huweza kujiamsha yenyewe, kisha ikaendelea kuchaji mpaka injini izimwe. Tulipoteremka kwenda Himo kwa gia ndogo, injini ikilia, ilishtuka usingizini. Kwenye vichochoro vya migombani haikushtuka.

Alipima kwa mita ya mshale. Injini ikiunguruma polepole, betri ilisoma volti 12 tu. Akatoa balbu ya wati 2 hivi kutoka kwenye dashibodi ya Peugeot iliyokufa, akaipachika. Baba akageuza ufunguo: taa nyekundu ikawaka. Injini ikawashwa, taa ikazimika, mshale ukapanda hadi 14.

Alitudai bei ya balbu na soda mbili. Baba hakuzungumza mpaka tulipofika Himo. Nadhani alikuwa akiwahesabu wale mabeberu.

Ukiwa na gari la zamani la namna ile, geuza ufunguo kabla ya kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya chaji isipowaka, usinunue betri kwanza.