Hiari Yashinda Utumwa

Wahenga walinena kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii twaitumia tunaposifu bidii ya mtu atendaye kazi kwa kupenda. Leo nataka tuipime kwa jambo lingine: mtu kuomba mwenyewe aondoke kazini.

Huenda ukastaajabu. Wewe wasoma usiku na mchana ili upate kazi. Yawaje aliyekwisha kuipata aombe kuiacha? Mara nyingi huwa hivi. Mwajiri aona kuwa watu ni wengi kuliko kazi, au fedha za mishahara hazitoshi. Badala ya kuchagua nani aende, hutangaza kwamba atakaye kuondoka kwa hiari aandike barua, naye atapewa kiinua mgongo.

Nchini Kenya jambo hili lilitendeka kwa ukubwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 Serikali ilianza mpango wa kurekebisha utumishi wake, wakati Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipokuwa zikiihimiza ipunguze matumizi. Watumishi wa ngazi za chini walialikwa kustaafu mapema kwa hiari, na makumi ya maelfu wakaitika. Mwaka 2000 ulipokuja upunguzaji mwingine, hiari haikuwamo tena. Makampuni nayo yameitumia njia hiyo mara nyingi tangu hapo.

Mimi nilizaliwa Makueni na nafundisha Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Pande zote mbili nimewajua watu walioondoka katika makampuni kwa njia hiyo. Nitakusimulia habari za wawili, bila kuwataja waajiri wao.

Wa kwanza alikuwa dereva. Tangazo lilibandikwa Jumatatu, na mwisho wa kuandika barua ulikuwa Ijumaa. Msimamizi wake alimnong'oneza kwamba asiyeondoka sasa ataondolewa baadaye mikono mitupu. Akatia sahihi asijue atapata kiasi gani. Fedha zilipofika alinunua gari la kuchukua abiria, nalo halikumaliza miaka miwili barabarani. Watu walimcheka wakisema hakujua kutumia mali. Lakini mimi nauliza: siku nne zatosha mtu kuamua mambo ya miaka ishirini iliyobaki?

Wa pili alikuwa fundi wa mitambo. Mwajiri wake aliwapa wafanyakazi miezi miwili, na kila mmoja akaandikiwa hesabu yake: malipo ya miaka aliyotumika, likizo alizobakiza, na akiba yake ya uzeeni. Fundi huyo alikwenda nyumbani, akashauriana na mkewe juu ya kupanda miembe na kujenga tangi la maji, kisha akaandika barua. Akakataliwa! Aliambiwa wazi kwamba hapakuwa na mwingine awezaye kuitunza mitambo ile, na kwamba kanuni hiyo ilikuwa imetangazwa tangu mwanzo. Alihuzunika, lakini hakuona ameonewa. Aliendelea na kazi, wala hakuna aliyemwita msaliti kwa kuwa aliomba kuondoka.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwajiri hana budi wakati mwingine kukataa maombi, kwa maana wenye ujuzi ndio wa kwanza kuomba, wakijua watapokewa kwingine. Akiwaachilia wote, nyumba itabaki na kuta bila nguzo. Lakini kukataa si dhuluma ikiwa sababu yatolewa na kanuni ni moja kwa wote. Vivyo hivyo, kukubali si hisani ikiwa aliyeomba alitishwa au alifichwa hesabu. Barua yaweza kuandikwa kwa mkono wa mtu mwenyewe, na hiari isiwemo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlinda anayepunguzwa bila kupenda na bila kosa lake. Chama chake na afisa wa kazi, au, asipokuwa na chama, yeye mwenyewe na afisa wa kazi, sharti wapewe taarifa muda usiopungua mwezi mmoja kabla. Kuchagua wa kuondoka sharti kuzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Malipo yake hayapungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Lakini aombaye mwenyewe hutegemea zaidi mapatano aliyoyatia sahihi. Kwa hiyo ayasome kabla ya kushika kalamu. Tena asione haya kuuliza: Nitapata kiasi gani? Lini? Nikibadili nia kabla ya siku ya mwisho, itakuwaje?

Enyi vijana, katika nchi yetu kavu mkulima hapandi ndengu kwa kuwa jirani amepanda; hutazama mbingu, hupima mbegu, kisha hutia jembe. Siku moja baadhi yenu mtaandika barua hizo, na wengine mtakaa mezani kuzipokea. Mwenye kuandika apewe muda na hesabu. Mwenye kupokea ajibu kwa sababu, akikubali au akikataa. Hiari yashinda utumwa, naam. Lakini hiari ya mtu asiyejua analolikubali ni utumwa uliobadilishwa jina.