Tambi za Nairobi, Kuku wa Machakos



Likizo ya Disemba iliyopita tulisafiri na watu wa nyumbani kwetu kutoka Mombasa kwenda Machakos, kuwazuru wakwe zetu. Kijana wetu alioa huko miaka sita iliyopita. Mkewe alisilimu kabla ya ndoa; mama yake amebaki katika Ukristo wake, naye ni mwanamke mstahiki, mwenye maneno machache na mkono mkunjufu. Tulipanda treni ya asubuhi, ile isimamayo katika vituo vya kati, juu ya reli iliyojengwa na Wachina na kuanza kubeba abiria mwaka 2017. Tukashuka Athi River, na matatu ikatufikisha katika mji uliotulia chini ya vilima vya Iveti.

Machakos si ugenini kwa mtu wa pwani. Kabla reli ya kwanza haijawekwa, Wakamba walikuwa wakiteremka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na misafara ya pwani ikipanda hadi Ukambani. Waingereza walikuwa na kituo chao cha utawala katika mji huu, uliochukua jina la mzee Masaku, wakati Nairobi bado ni bwawa na majani. Leo msikiti upo mjini, na adhana yasikika hadi kwa wauza maembe.

Siku ya pili, binti yetu wa mwisho alitoa ombi. Alikuwa amefanya vyema katika mitihani, nasi tulimwahidi tunu. Akasema: "Baba, nataka twende Nairobi tukale chakula cha Kichina." Ndugu yake akamkata: "Wachina wala nguruwe. Baba hawezi kukubali."

Tulimwambia kijana kwamba amesema kwa haraka. Uislamu uliingia China karne nyingi zilizopita, na mpaka leo wapo Waislamu wa huko waitwao Wahui. Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu mkoani Yunnan. Katika zama za safari zake, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme huyo. Na sahani za Kichina zilizopamba zidaka za nyumba za Lamu zilikuja kwa bahari hii hii yetu. Kwa hiyo tatizo halimo katika jina la taifa. Limo katika chungu.

Tukawafundisha maswali matatu. La kwanza, nyama imechinjwa na nani? Machinjio mengi nchini mwetu huwa na wachinjaji Waislamu, lakini hilo halitoshi kumwondolea mtu wajibu wa kuuliza. La pili, chakula kimetiwa nini? Wapishi wengi wa Kichina hutia divai ya mchele ili kuondoa shombo, na mara nyingine hukaangia mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo hata sahani ya mboga tupu yaweza kuwa na lake. La tatu, karai ni moja au mbili? Karai lililotoka kukaanga nguruwe, likafutwa kwa kitambaa na kutiwa kuku, halikusafishika.

Asubuhi ya Jumamosi tulitoka, mwendo wa kilomita sitini na kitu, pamoja na mkwe wetu, ambaye hakuwahi kula kwa vijiti. Mkahawa wa kwanza binti yetu aliuchagua kwa picha za simuni. Ulikuwa na taa nyekundu na samaki wa rangi ya dhahabu ndani ya kioo. Tulipofungua kinywa tu, mhudumu alijibu, "Halali, halali," kabla swali halijaisha. Tukaaga. Jibu litanguliapo swali halina uzito.

Katika mkahawa wa pili, mhudumu alikuwa kijana wa Kikenya. Alisikiliza yote matatu, akaingia jikoni, akarudi. "Mzee," alisema, "nyama ya ng'ombe na kuku twanunua kwa Waislamu. Lakini karai ni hilo moja, na mpishi hutia divai. Sitaki kukudanganya." Tulimshika mkono tukamwombea heri. Binti yetu alikuwa karibu kulia kwa njaa na kwa haya, kwani watu walikuwa wakitutazama.

Wa tatu ulikuwa mdogo, katika barabara ya ndani, na kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu na ya Kichina. Tulielezwa kuwa yale ya Kichina yasomwa *qingzhen*, yaani safi na ya kweli, na ndivyo Waislamu wa China waitavyo chakula cha halali. Mwenyewe, mzee wa kofia nyeupe, alitutolea salamu kwa lafudhi iliyotufurahisha. Hakuuza kileo. Alikuwa akivuta tambi kwa mikono, donge moja likawa nyuzi mia, akazitia katika mchuzi wa ng'ombe wenye giligilani na pilipili. Mkwe wetu alipigana na vijiti mpaka tambi zikamwangukia mapajani, akacheka hadi machozi. Binti yetu alimaliza bakuli mbili.

Jioni tulirudi Machakos. Watoto walipolala, mkwe wetu alileta chai, akaketi, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema:

"Sheikh, leo umeuliza mara tatu, kwa watu usiowajua. Kwangu umekuja miaka sita na hujauliza hata mara moja. Unakula muthokoi, kuku unamwacha. Ulisema daktari amekukataza. Lakini leo nimekuona ukila nyama."

Tulitafuta neno tusilipate.

Alituchukua jikoni. Juu ya rafu kulikuwa na sufuria mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Alisema alizinunua wiki ya harusi ya binti yake, na hakuna mwingine aliyewahi kuzipikia. Na kila tujapo, kuku humpeleka akiwa hai kwa Muislamu mmoja jirani na msikiti, achinjwe kwa kisomo, ndipo amrudishe nyumbani. "Nilingoja uniulize," akasema. "Ningekuambia."

Ndugu wasomaji, miaka sita tulidhani kwamba kunyamaza ni adabu. Tulihofu kuwa swali lingemwudhi, tukasahau kwamba sahani inayorudi jikoni haijaguswa nayo yasema, tena yasema neno baya kuliko swali. Tulimdhania mpishi aliye mkwe wetu yale tusiyomdhania mgeni wa barabarani, tukamfunika kwa uongo wa daktari. Tumesomesha watu fiqhi ya vyakula miaka mingi msikitini. Mlango huu tulikuwa hatujaufungua.

Tulimwomba radhi usiku ule ule, na kesho yake, mbele ya watoto wote, tukamwuliza maswali yetu matatu, moja baada ya jingine, kama tulivyomwuliza yule mhudumu. Alijibu yote kwa utulivu, akimtazama binti yetu kana kwamba anatoa somo. Kisha akampakua kuku.

Tulisema bismillahi tukala. Alikuwa kuku wa kienyeji, mgumu kidogo, mwenye nyanya nyingi. Kijana wetu alituongeza paja bila kuuliza.

Allah atujaalie riziki ya halali, na ulimi wa kuuliza kwa upole wale walio karibu nasi kabla ya walio mbali. Wabillahi tawfiq.