Karatasi ya Shamba

Mishamo, 9 Juni 2019

Baba anakaribia miaka sabini na bado hupita mipaka ya shamba lake kila asubuhi, kuanzia kwenye mwembe hadi makaburini. Leo tumepita pamoja. Amenitaka niandike nani amelala wapi: bibi, mama, wadogo zangu wawili waliokufa wachanga. Walipohamishiwa hapa kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, huku kulikuwa pori la miombo na mbung'o. Visiki vyote aling'oa yeye na mama kwa shoka na jembe.

Yaliyompata Burundi mwaka 1972, jeshi la Rais Micombero lilipokuwa likiua Wahutu, hayasimulii. Ya visiki husimulia mpaka usiku.

10 Juni

Amenionyesha tena cheti chake cha uraia. Hukifunga kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati.

Nataka wanangu wajue kilivyopatikana. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Wengi waliomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Lakini kwa sharti: wahame makazi haya, wakatawanywe mikoa mingine. Miaka ile baba hakuezeka nyumba wala hakupanda mti. Kabla ya hapo asingeweza hata kutoka makazini bila kibali; sasa akatakiwa aondoke moja kwa moja, aache sehemu pekee ya Tanzania anayoijua, ndipo awe Mtanzania. Aliyekwisha kukimbizwa na mauaji mara moja hastahili kuambiwa hivyo. Nashukuru mpango ule uliachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, watu wakiwa papa hapa.

12 Juni

Baba mdogo amepiga simu kutoka Rumonge, Burundi. Alirudi mwaka 2009, akakuta michikichi ya babu ina wenyewe, waliopewa ardhi ile baada ya watu kukimbia. Nao wamezaa humo, wamezika humo. Ikabidi wagawane. Anasema jirani yule si mtu mbaya, ila hawajawahi kula pamoja.

Nikamuuliza, "Baba mdogo, umepazoea?"

"Mimi nimepazoea, mwanangu. Hawa watoto wakigombana, wanagombana kwa Kiswahili. Sokoni wanaitwa Watanzania."

Nilipomfikishia baba salamu, swali lake lilikuwa moja tu: ile michikichi bado inazaa?

13 Juni

Swali lile limenikosesha usingizi. Mtu anaweza kuililia michikichi ya Rumonge na bado asikubali kuliacha kaburi la mkewe Mishamo, wala simwoni kuwa na moyo wa mashaka. Wanaokosea ni wale wanaodhani mkimbizi akivushwa mpaka tu, amefika kwao. Katika kambi za Nduta na Nyarugusu wako Warundi waliokimbia mwaka 2015, na sasa wanaandikishwa kurudi. Miongoni mwao wamo waliorudi zamani zile za baba mdogo, wakakimbia tena. Anayetaka kurudi na arudi, asaidiwe. Asiyetaka asisukumwe.

Kesho naandamana na baba ofisini kuulizia hati ya shamba. Uraia anao, karatasi ya ardhi hana. Ameshapiga pasi shati.