Siku Moja Longonot, Sisi Wawili

Tulipofunga mlango alfajiri ya Jumamosi ya kwanza ya Machi 2024, hatukuwa na mtoto mgongoni wala mfuko wa nepi. Tangu tufunge ndoa, safari zetu za wawili peke yetu zilikuwa za mazishi tu. Watoto tuliwaacha kwa shangazi yao, nasi tukapanda matatu ya Mai Mahiu na chupa sita za maji, viazi vitamu na ndizi.

Barabara hiyo hushuka ukuta wa Bonde la Ufa na kupita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942. Tulisali kimoyomoyo tukipita, maana dereva wetu alikuwa na haraka kuliko malaika.

Longonot ni mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7 hivi. Ukisikia hesabu hiyo unaona ni mchezo. Mwanzoni ni mchezo kweli: njia ni nyepesi, punda milia wanakula, leleshwa inanukia. Kisha mlima unaanza. Majivu ya kale ya volkano yamechimbwa na mvua za miaka mingi hadi yakawa makorongo, na juu yake kokoto zinaserereka. Unapanda hatua mbili, unarudi moja. Masika yalikuwa bado, na vumbi liliingia hadi kwenye meno. Maji hakuna huko juu, kwa hiyo anayekwenda abebe yake ya kutosha.

Tulipumzika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne Baba Neema aliketi juu ya jiwe akashika kichwa.

"Vidonge vya presha umekunywa leo?"

Alitazama viatu vyake. "Mama Neema, niliacha tangu Krismasi. Nilijiona mzima."

Mmoja wetu ni muuguzi. Kila Alhamisi huwaambia akina mama kanisani kwamba presha haipigi hodi, na kwamba kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa. Na nyumbani kwake mwenyewe chupa ilikaa kabatini miezi miwili bila kuguswa! Tulikasirikiana pale njiani, vijana wa shule wakitupita wakicheka. Kisha tulinyamaza, tukanywa maji. Hasira ilipopoa likatoka jambo lililokuwa chini yake: baba yake alianguka shambani kwa kiharusi, na kila asubuhi kile kidonge kilimkumbusha siku hiyo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hilo hatukuwahi kulizungumza. Nyumbani daima kuna sufuria jikoni au mtu mlangoni.

Kichwa kilipotulia, tulikuwa karibu sana na ukingo, tukaumalizia polepole. Ndani ya kasoko kuna msitu mzima, kijani kibichi, kama bustani iliyofungiwa ukuta. Upande mwingine Ziwa Naivasha lilikuwa linang'aa. Baba Neema alitaka kuzunguka ukingo. Tulikataa, yaani mmoja wetu alikataa na mwingine akatii, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Tulikula viazi pale pale.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kokoto zilimwangusha muuguzi mara mbili, goti likachubuka, na mgonjwa ndiye aliyemshika mkono hadi langoni.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Kipimo kilisoma 168 kwa 102. Sasa vidonge vinakaa mezani karibu na sukari, na anavinywa chai inapomiminwa. Viatu bado vina vumbi, tumekataa kuvisafisha hadi tutakapouzunguka ule ukingo.