Shule ya Udongo ya Gando

Katika nchi ya Burkina Faso, ambayo hadi mwaka 1984 iliitwa Volta ya Juu, kipo kijiji kiitwacho Gando. Ni nchi ya vumbi na jua kali lipitalo digrii 40. Hapo imesimama shule iliyojengwa kinyume cha kanuni ya nyumba bora.

Kanuni hiyo yajulikana hata Kenya: kuta ziwe za saruji, na mabati yapigiliwe papo hapo juu yake. Kila aliyesomea chini ya mabati hayo ajua taabu yake. Adhuhuri kichwa huuma, na mvua ikinyesha sauti ya mwalimu haisikiki. Diébédo Francis Kéré, mwana wa Gando, aliyaonja hayo alipopelekwa shule mjini Tenkodogo. Baadaye alikwenda Ujerumani, akajifunza useremala, kisha usanifu wa majengo. Aliporudi na shauri la kujenga shule kwa udongo, watu walitilia shaka, wala hawakukosa sababu. Nyumba za udongo walikuwa wakiziona zikimomonyoka kila majira ya mvua.

Basi udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali kwa mashine ya mkono. Watoto walileta mawe ya msingi, na wanawake wakaipiga sakafu hata ikawa laini. Lakini siri kubwa ni paa. Mabati hayagusi kuta; yameinuliwa juu ya nondo zilizochomelewa, tena yametokeza mbali nje. Bila upenu huo mpana, kuta hizo nazo zingeliwa na mvua. Chini ya mabati iko dari ya matofali yenye nafasi. Hewa moto hupanda ikatoka, na nyingine huingia madirishani. Atokaye juani hupokewa na ubaridi mlangoni kama wa maji ya mtungi.

Shule ilimalizika mwaka 2001, Kéré mwenyewe akiwa bado mwanafunzi. Ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 yeye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika kazi hiyo.

Mwaka uliotangulia, chuo cha kompyuta alichokichora kilikamilika kando ya Ziwa Turkana. Minara yake mirefu, iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu.